Paa la Machogu na Upepo wa Masika

Kila asubuhi Machogu alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuchuma majani chai pamoja na mkewe, Bosibori. Ya pili ilikuwa kulitazama paa lake. Bosibori alisema kwamba kazi ya pili ilichukua muda mrefu kuliko ya kwanza.

Nyumba ilikuwa mpya. Ilisimama mlimani, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Kebirigo. Ilikuwa mwaka wa 1972, na nyumba nyingi za mlima ule zilikuwa bado za nyasi. Machogu alikuwa mtu wa tatu kuezeka mabati. Yeye mwenyewe alijihesabu kuwa wa kwanza, kwa sababu mabati ya wale wawili yalikuwa yameanza kushika kutu.

"Mama Nyamusi, njoo uone," alikuwa akimwita mkewe. "Jua likipiga pale, huwezi kufungua macho."

"Nimeona jana," Bosibori alijibu. "Na juzi. Leo naomba kuona kuni."

Machogu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mchapakazi, hanywi pombe, na kila Sabato aliketi mstari wa mbele kanisani. Lakini maringo yalikuwa yamempanda kichwani, na maringo ni mshauri mbaya wa ujenzi. Yalimshauri mambo mawili.

La kwanza lilihusu misumari. Machogu aliezeka nyumba yake mwenyewe, na kila bati alilipiga misumari minne tu, mmoja kila pembe. Si kwamba misumari ilikosekana. Debe lilikuwa limejaa. Alisema bati lenye misumari mingi linafanana na shati lenye viraka.

La pili lilihusu miti. Kati ya nyumba na njia ya Kebirigo palikuwa na safu ya miti mikubwa. Baba yake, mzee Angwenyi, ndiye aliyeipanda zamani. Miti ile ilizuia watu wa njiani wasilione paa. Machogu akaikata yote. Alitumia siku tatu na mashoka mawili.

"Sasa hata mtu akipita na baiskeli ataliona," alisema, akijifuta jasho.

"Na upepo nao utaliona," alisema Bosibori.

Mzee Angwenyi alikaa katika kibanda chake cha nyasi, hatua chache chini ya nyumba ile. Aliposikia nyumba imekamilika, alikuja kuitazama. Hakuingia ndani. Kwa Wagusii, baba haingii katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Hiyo ni heshima kati ya wazazi na watoto, nasi tunaiita chinsoni. Basi mzee aliizunguka nyumba mara mbili kwa nje, akigongagonga ukuta kwa fimbo.

"Nyumba nzuri," alisema. "Paa limefungwa na nini?"

"Misumari, Tata," Machogu alimjibu baba yake.

"Mingapi?"

"Ya kutosha."

"Hiyo ni hesabu ya mtu ambaye hajahesabu," alisema mzee. Akarudi kwake.

Mwezi wa nne, mvua za masika zilianza. Siku ya kwanza ilinyesha mvua ya adabu, ndogondogo. Siku ya tano, alasiri, wingu jeusi lilishuka mlimani na upepo ukalitangulia. Bosibori alikuwa jikoni, katika kile kibanda cha zamani cha nyasi walichokuwa wakiishi kabla ya nyumba mpya. Machogu alikuwa ameketi ndani ya nyumba na mlango ameuacha wazi kabisa. Alitaka wapitao waone na viti pia.

Upepo uliingia mlangoni bila kubisha hodi. Ulipofika ndani, haukupata pa kutokea. Paa lilikohoa mara moja. Likakohoa mara ya pili. Kisha bati la kwanza likang'oka na kuruka.

"Wewe! Rudi!" Machogu alilipigia kelele.

Bati halikurudi. La pili likalifuata, kisha la tatu. Machogu aliruka juu ya meza, akaishika mbao ya paa kwa mikono miwili na kuning'inia kama nguo iliyoanikwa. Alidhani uzito wake utasaidia. Bati la nne liliondoka juu ya kichwa chake, naye akapata mvua yote ya tundu lile.

Lakini bati lile la nne halikwenda mbali. Lilishuka kwa ubavu kwenye shamba la migomba nyuma ya jiko, likaukata mgomba mmoja katikati. Mgomba ulianguka pole pole. Dakika moja kabla ya hapo, Nyamusi, binti yao wa miaka saba, alikuwa amesimama palepale akikata jani la kujifunika mvua.

Bosibori aliona yote kutoka mlangoni mwa jiko. Alimkumbatia mtoto, aliyekuwa ameshakimbilia jikoni na jani lake.

Upepo ulipotulia, Machogu alikuja mbio, amelowa, amechubuka viganja.

"Ni mabati manne tu," alisema. "Nitayarudisha leoleo."

"Yarudishe," alisema Bosibori. "Lakini mimi na watoto tunahamia jikoni. Mgomba ule ungekuwa mtoto wangu. Sitalala chini ya paa lile mpaka nitakapoliamini."

"Watu watasema nini? Nina nyumba ya mabati na mke wangu analala jikoni!"

"Watasema ana akili."

Jioni ile alihamisha mikeka, blanketi na watoto wawili. Machogu akabaki peke yake katika nyumba yenye vyumba vitatu.

Sasa, mtu akiwa na aibu hupenda njia ya mkato. Machogu aliyarudisha mabati kwa misumari ileile minne minne. Kisha akapandisha mawe juu ya paa. Alipandisha mawe ishirini na mawili. Yalipokosekana mawe makubwa, alilichukua jiwe la kusagia wimbi la Bosibori, akalipandisha nalo.

Jirani yake Onchiri alipita njiani na kusimama. Onchiri naye alikuwa na nyumba ya mabati, ni mmoja wa wale wawili wa kutu.

"Machogu! Umeanza kulima huko juu?"

"Nazuia upepo."

"Naona na jiwe la kusagia. Upepo ukija na njaa utajisagia uji."

Siku mbili baadaye upepo mdogo ulipita, wala haukuwa wa kutisha. Jiwe la kusagia liliteleza, likabingirika juu ya mabati kwa kishindo, likaangukia kibuyu cha maziwa mlangoni. Kibuyu kilikuwa cha Bosibori. Jiwe lilikuwa la Bosibori. Mambo aliyoyasema Bosibori siku ile hayakuandikwa popote, na ni heri.

Kesho yake Machogu alikwenda Kebirigo akiwa na hasira. Alikwenda moja kwa moja kwa Osman. Osman alikuwa fundi wa kuezeka, mtu wa Kisii mjini, mwenye karakana ndogo pembeni mwa soko. Ndiye aliyemuuzia mabati. Alikuwa pia ameomba kazi ya kuyaezeka, lakini Machogu alikataa.

"Fundi, hii mabati uliniuzia ni mbaya!" alisema Machogu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Inaruka!"

Osman aliiweka randa chini. "Salama, Bwana Machogu. Karibu. Yanaruka vipi?"

"Inaruka kama ndege! Upepo ikikuja, moja inaenda, ingine inafuata."

"Ulipiga misumari mingapi kila bati?"

Machogu alitazama kando. "Nne."

"Arobaini na nne?"

"Nne."

Osman aliuma midomo. Alijaribu kwa nguvu zake zote asicheke, akashindwa, akacheka mpaka akashika meza ya kazi.

"Samahani, ndugu yangu," alisema akifuta macho. "Na miti? Mbona kuna watu waliniambia siku hizi paa lako linaonekana hadi hapa?"

"Hiyo nilikata."

"Basi bati langu halina kosa. Nitakuja nikuonyeshe. Tuseme Ijumaa?"

"Ijumaa ni sawa."

"La, Ijumaa mchana niko msikitini. Jumamosi?"

"Jumamosi sisi tuko kanisa."

"Basi Jumapili," alisema Osman. "Tuombe Mungu upepo nao upumzike hizo siku mbili."

Jumapili Osman alifika na baiskeli, amebeba sanduku la vifaa na bunda la waya mnene. Kitu cha kwanza, aliagiza mawe yote yashushwe.

"Jiwe juu ya paa ni adui aliyekaa juu ya kichwa chako," alisema. "Upepo mkali utaliangusha, na litaangukia mtu."

Bosibori alikuja na watoto kusikiliza. Mzee Angwenyi naye alipanda kutoka kwake na kusimama uani. Osman alimwomba Nyamusi karatasi moja ya daftari. Akakata ukanda mwembamba, mrefu kama kiganja.

"Bwana Machogu, upepo unafanya nini kwa paa?"

"Inasukuma."

"Unasukuma kwenda wapi?"

"Chini. Ndiyo maana inavunja."

"Tazama." Osman aliushika ukanda kwa ncha moja, karibu na mdomo. Ncha ya pili ilining'inia chini. Akapuliza juu ya karatasi, si chini yake. Karatasi iliinuka, ikalala sawa hewani, ikitetemeka.

Watu walisogea karibu. Bosibori aliichukua karatasi, akapuliza mwenyewe. Ikainuka. Nyamusi akapuliza. Ikainuka. Machogu akapuliza mara tatu, kila mara akiigeuza karatasi kutafuta hila.

"Upepo ukipita kwa kasi juu ya paa, unalivuta juu," alieleza Osman. "Na mlango ukiwa wazi, upepo mwingine unaingia ndani na kulisukuma kutoka chini. Huku linavutwa, huku linasukumwa. Misumari minne itafanya nini?"

Mzee Angwenyi aliitaka karatasi naye. Alikuwa ametoka kunusa tumbako. Aliinyanyua karatasi, akavuta pumzi, na badala ya kupuliza akapiga chafya kubwa. Karatasi ilimtoka mkononi na kuanguka kwenye majani chai.

"Hata chafya inaezua," alisema Osman kwa utulivu.

Mzee alielewa Kiswahili kidogo. Alikipata zamani alipokuwa kibarua mashamba ya chai kule Kericho, na alikitumia kama panga. "Wewe fundi!" alisema. "Paa yangu iko nyasi. Miaka ishirini, hapana ruka! Iko funga na kamba. Funga kila mti! Wewe funga hii, funga yeye sana!"

"Mzee amesema kweli yote," Osman akamwambia Machogu. "Baba yako alilifunga paa lake kwenye nguzo, na nguzo ziko ardhini. Wewe umeliweka paa juu ya ukuta kama kofia. Leo tutalifunga."

Kazi ilianza. Machogu alipanda juu na nyundo. Osman alimwonyesha jinsi ya kupiga misumari kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde, kwa sababu maji hupita bondeni na yatavuja. Kila msumari uliwekewa kipande cha raba chini ya kofia yake. Pembeni mwa paa na juu kabisa kwenye kilele, walipiga misumari mingi zaidi, maana upepo huanza kung'oa pembeni.

Kila msumari ulipoingia, Machogu aliguna.

"Unaumia?" aliuliza Osman.

"Sura yake inaharibika."

"Sura yake ilikuwa shambani kwa migomba wiki iliyopita. Piga."

Ndani ya nyumba palihitajika mtu wa pili. Kila mbao ya paa ilipaswa kufungwa kwa waya kwenye nguzo ya ukuta iliyo chini yake. Waya unazungushwa kwenye nguzo, unapanda juu ya mbao, unarudi, kisha unasokotwa kwa koleo mpaka usitikisike. Machogu alikuwa juu. Osman alikuwa na mikono miwili tu.

"Nipe koleo," alisema Bosibori. Akavuta meza, akapanda juu yake.

Mzee Angwenyi alisikia kutoka nje. Mara moja akaipa nyumba mgongo na kutazama majani chai, maana mkamwana hatazamwi akiwa amepanda juu. Lakini kunyamaza hakuweza.

"Mwanamke hapandi paa!" alisema kwa Ekegusii, akiyaambia majani chai.

Machogu alimtafsiria Osman kutoka juu.

"Mwambie mzee hajapanda paa," alijibu Osman. "Amepanda meza."

Mzee alilifikiria jambo hilo. Hakupata kosa. "Basi mwambie asokote kwenda kulia," alisema, bado akiwa amegeuka. "Na avute kabla ya kusokota! Amevuta?"

"Nimevuta, Tata!" alijibu Bosibori.

"Vuta tena!"

Hivyo ndivyo kazi ilivyokwenda hadi jioni. Mzee aliongoza nyumba asiyoitazama. Machogu aliguna juu. Bosibori alifunga mbao kumi na nane. Osman alifunga sita za mwisho, na alipomaliza alirudi kuzikagua zote kwa kuning'inia moja moja. Za Bosibori hazikulegea hata kidogo. Mbili alizozifunga Osman ndizo zilizotaka kukazwa tena.

"Mama, una mkono," alisema Osman. "Ungekuwa mjini ningekuandika kazi."

Kabla ya kuondoka alionyesha mambo mengine. Walichimba mfereji wa kupokea maji yanayomwagika kutoka kwenye paa, ili yasile udongo chini ya ukuta. Kuhusu miti, aliwaambia wapande mingine upande upepo unakotokea, safu mbili, lakini isiwe karibu sana. Mti ukianguka usifike nyumbani.

"Na upepo ukianza," alisema, "fungeni mlango na madirisha. Kaeni ndani. Bati likiruka, liacheni liende. Bati hununuliwa, mtu hanunuliwi."

Kesho yake Machogu alipanda miche thelathini. Ingechukua miaka kuwa miti, naye alilijua hilo. Usiku bado alilala peke yake. Bosibori hakusema atarudi, wala hakusema hatarudi. Machogu aliona haya kuuliza.

Wiki tatu zikapita. Kisha siku moja, saa tisa alasiri, mlima ulifunikwa ghafla na giza. Radi ilipiga upande wa juu. Upepo ulikuja, na safari hii ulikuja na mvua ya mawe. Mawe mengine yalikuwa makubwa kama viazi vidogo.

Machogu alikuwa ndani peke yake. Alifunga mlango. Alifunga madirisha. Alikaa kwenye kiti. Juu ya kichwa chake mvua ya mawe iliyapiga mabati kwa kishindo cha ajabu, hata hakuweza kujisikia akiomba. Alitazama juu. Alikumbuka bati la kwanza, la pili, la tatu na la nne. Nyumba ya nyasi ikaanza kuonekana nzuri sana. Akafungua mlango, akaufunga nyuma yake, akajifunika kiti kichwani na kukimbilia jikoni.

Katikati ya uwanja aligongana na mtu. Alikuwa Bosibori. Mtoto mdogo alikuwa mgongoni, na Nyamusi alimshika mkono. Wote watatu walikuwa wamejifunika ungo mmoja mkubwa.

"Unakwenda wapi?" Bosibori alipiga kelele.

"Jikoni! Na wewe?"

"Nyumbani!"

Walitazamana. Mawe yaliwagonga.

"Unaliamini?" aliuliza Machogu.

"Mimi ndiye niliyelifunga!" alijibu Bosibori. Akamshika mumewe shati, akamgeuza, na kumvuta hadi ndani. Akausukuma mlango na kuukomea.

(Tuseme ukweli, msomaji. Kukimbia uani wakati wa radi na mvua ya mawe si jambo la kuiga. Wote wawili walikosea. Walipaswa kuwa ndani mapema, wingu lilipoonekana.)

Waliketi mkekani. Kelele ilikuwa kubwa, hawakuweza kuongea. Upepo uliligonga paa, ukalivuta, ukaliachia, ukalivuta tena. Waya zilikaza. Mbao zililia kidogo, lakini hakuna kilichong'oka. Machogu alikuwa ameinua macho juu wakati wote, shingo ikamwuma. Alipoyashusha, aliwaona watoto wamelala. Bosibori naye alikuwa amelala, kichwa chake kimeegemea ukuta, mdomo wazi, anakoroma pole pole. Machogu hakulia, lakini alipangusa macho, na safari hii haikuwa mvua.

Dhoruba ilipita baada ya saa moja. Mzee Angwenyi alipanda kutoka kwake kuwatazama, akaizunguka nyumba mara mbili kwa fimbo yake.

"Mkamwana wangu amelala wapi leo?" aliuliza kutoka nje.

"Humu ndani, Tata," alijibu Machogu.

"Basi nyumba imekwisha kujengwa," alisema mzee.

Jioni mtu alibisha hodi. Alikuwa Onchiri, amelowa, kofia mkononi, hana utani wowote. Nusu ya paa lake ilikuwa imekwenda. Mabati mengine alikuwa hajayaona bado.

"Pole sana, ndugu yangu," alisema Machogu, na alimaanisha. "Watoto wazima?"

"Wazima wote. Tulifunga mlango, lakini paa lilikuwa limewekwa tu." Onchiri alisitasita. "Nimeambiwa lako lilifungwa kwa waya. Machogu, kesho utakuja unifungie?"

Machogu alijikuna kichwa.

"Misumari nitakuja kupiga," alisema. "Kuhusu kufunga, subiri kwanza nimwulize Mama Nyamusi kama kesho ana nafasi."